RIDHAA, UTII NA IDHINI

Katika kazi za kila siku maneno haya matatu hutumika kana kwamba ni neno moja. Kumbe katika sheria, saikolojia na utafiti wa jamii kila moja lina maana yake. Kuyachanganya si kosa la lugha tu. Ni kosa la siasa, maana anayeumia ni mwananchi.

Ridhaa: Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inasema watu wameridhiana pale wanapokubaliana juu ya jambo lile lile kwa maana ile ile. Tena ridhaa hiyo lazima iwe huru, isitokane na kulazimishwa, kurubuniwa na mwenye nguvu, wala udanganyifu. Mkulima aliyedanganywa yaliyomo katika karatasi, akaweka dole gumba, ametia alama. Hajaridhia kwa hiari.

Utii: Neno hili limechunguzwa sana katika saikolojia. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 1963, Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, aliwaweka watu chini ya msimamizi aliyewaamuru kumpiga mwenzao umeme kila alipokosa jibu. Umeme wenyewe haukuwapo, lakini wao hawakujua. Watu 26 kati ya 40 waliendelea hadi alama ya volti 450. Wengi walitetemeka na kutoka jasho, lakini wakatii. Kwa hiyo mtu aweza kutenda jambo ambalo moyo wake unalikataa, kwa sababu tu anayeamuru anaonekana ana mamlaka.

Idhini: Hii ni ruhusa ya mwenye mamlaka. Mtafiti aliyepewa kibali na wakubwa amepata idhini ya kuingia kijijini. Bado hajapata ridhaa ya mama atakayemhoji. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, zilizotolewa katika hukumu ya madaktari wa Kinazi, ziliifanya ridhaa ya hiari ya anayechunguzwa kuwa sharti la kwanza.

Sasa tujiulize. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi kabla Mkutano Mkuu wa Kijiji haujaidhinisha. Hapa wenye mamlaka ni wanakijiji wenyewe. Idhini yao haina msingi pasipo ridhaa. Kiongozi akisimama na mgeni wake, akauliza, "Tumekubaliana?", na watu wakapiga makofi, alichopata ni ridhaa au utii?

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwa hiyo, ndugu kada, kabla ya kuandika katika muhtasari kwamba wananchi wameridhia, hakikisha:

(a) wameelezwa jambo zima, faida na hasara;
(b) wamepewa muda wa kulijadili bila wewe kuwasimamia;
(c) aliyesema "hapana" amerudi nyumbani bila hofu.

Pasipo hayo, andika kwamba wametii. Usiandike kwamba wameridhia.