Una Doo ya Saa Moja Tu? Soma Hii Kwanza

Wasee wengi hununua saa ya kwanza kwa macho. Inang'aa, umelipa, umeishia. Halafu mvua ya Aprili inakupata stage, na hiyo mkanda ya ngozi inaanza kunuka.

Saa ya suti ni nyembamba, uso wake msafi. Kazi yake ni kujificha chini ya shati na kuchungulia kidogo ukisalimia watu. Harusi ama intavyu, itakubeba fiti. Lakini gizani mara nyingi husomi kitu, na zile 30m zimeandikwa nyuma si za kuogelea, ni za matone tu.

Saa ya field ilitoka jeshini. Kwa Vita vya Pili vya Dunia, Marekani ilikuwa na A-11: uso mweusi, namba zinasomeka haraka, na ukivuta kitufe cha pembeni mshale wa sekunde unasimama, ndio kikosi kizima kiseti saa pamoja.

Mimi ningechukua field, lakini ndogo, 36 hadi 38 mm, si ile sahani ya 45. Siku ya harusi unatoa mkanda wa kitambaa, unaweka ngozi nyeusi. Fundi wa mtaa anabadilisha chap chap, bora upime nafasi ya mkanda kwanza, mara nyingi ni 18 ama 20 mm. Saa ya suti nayo ukiivalisha kitambaa inakaa msee wa suti na akala.

Ila kama wewe ni suti Jumatatu hadi Ijumaa, beba nyembamba. Ukiona wingu, itie mfukoni.