MAZIWA YA A1 NA A2: JE, TUUZE NG'OMBE WETU?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Nilipofika nyumbani Mbaga kwa likizo ya mwezi wa Juni nilimkuta mama hana raha. Ng'ombe wetu, ambaye maziwa yake ndiyo yanayolipa mahitaji yangu ya shule, alikuwa bandani akila matete kama siku zote. Lakini mnunuzi mmoja alikuwa amepita kijijini akisema kwamba ng'ombe wa kisasa hutoa maziwa ya "A1", na kwamba maziwa hayo ni sumu kwa watoto. Basi heri mtu auze mapema kabla habari hazijaenea na bei kushuka. Yeye mwenyewe alikuwa tayari kumchukua ng'ombe wetu siku ile ile, kwa bei ya nyama.

Mama akaniuliza, "Ninyi mnaosoma, hiyo A1 ni kitu gani?" Sikuweza kumjibu, nikaona haya. Tangu siku hiyo nimeuliza walimu na kusoma nilichokipata, na sasa nawaandikia wasomaji wa gazeti letu, hasa wazazi wenye ng'ombe huko milimani, maana mnunuzi yule hakupita Mbaga peke yake.

Tuanze na maziwa yenyewe. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina protini yapata gramu 32 hadi 35. Karibu sehemu nne katika tano za protini hiyo huitwa kasini, nayo ndiyo inayoganda tunapofanya mtindi. Kasini zina aina kadhaa, na mojawapo ni beta-kasini, ambayo peke yake ni karibu theluthi moja ya protini yote. Msomaji aifikirie kama uzi wa ushanga wenye punje 209, na kila punje ni asidi amino moja. A1 na A2 ni nyuzi mbili za beta-kasini zilizo sawasawa, ila punje moja tu, ile ya 67. Katika A2 punje hiyo ni prolini; katika A1 ni histidini. Tofauti yote ni hiyo.

Lakini punje hiyo moja ina kazi yake. Uzi unapokatwakatwa tumboni, palipo na histidini hukatika kwa urahisi zaidi, na hapo hutoka kipande kidogo cha punje saba kiitwacho beta-kasomofini-7. Prolini hushikilia zaidi. Kelele zote zimetokana na kipande hicho.

Habari ya kwamba ng'ombe wawili wa zizi moja waweza kuwa na protini mbalimbali katika maziwa yao ilijulikana mwaka 1955, wakati Aschaffenburg na Drewry wa Uingereza walipotumia karatasi na umeme. Walitia protini ya maziwa kwenye karatasi iliyolowa, wakapitisha umeme, na protini zikakimbia kila moja kwa mwendo wake. Walionyesha pia kwamba tofauti hiyo hurithiwa. Protini yao ya kwanza haikuwa kasini, lakini mwaka 1961 Aschaffenburg aliona jambo kama hilo katika beta-kasini, akazitaja A, B na C. Mwaka 1966 ikaonekana kwamba hata ile A si moja, bali kuna A1, A2 na A3.

Siku hizi hakuna haja ya maziwa hata kidogo. Mtaalamu hung'oa nywele chache za mkia pamoja na mizizi yake, huzitia katika bahasha yenye namba ya ng'ombe, na maabara husoma DNA iliyomo. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu dume hana maziwa, na ndama jike hukaa miaka mitatu hivi kabla ya kukamuliwa. Kwa unywele waweza kumpima dume, na hata ndama wa jana.

Je, sumu? Katika miaka ya 1990 wataalamu wengine, wengi wao wa New Zealand, walisema kwamba nchi ambazo watu hunywa A1 nyingi zina kisukari cha utotoni na ugonjwa wa moyo zaidi kuliko nyingine. Mwaka 2000 kampuni ikaanzishwa huko kwa kuuza maziwa ya A2 peke yake, na wanywaji hulipa zaidi kuyapata. Lakini mwaka 2009 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipitia maandiko yaliyokuwapo, ikaamua kwamba haikuthibitika kuwa kipande kile ndicho kinacholeta magonjwa hayo. Wako watu wanaosema matumbo yao hutulia zaidi wakinywa A2, na majaribio mengine yameonyesha hivyo. Jambo hilo lingali likichunguzwa. Baina ya hilo na sumu pana umbali mkubwa kama wa kutoka Same mjini hadi kilele cha Shengena, tena kwa miguu.

Wengine hufikiri A2 ni dawa ya kila tatizo la maziwa, nao wamekosea. Mtu mzima anayeumwa tumbo kwa sababu hawezi kusaga sukari ya maziwa, iitwayo laktosi, ataikuta sukari hiyo katika A2 vilevile. Mtindi utamfaa zaidi. Na mtoto ambaye mwili wake huikataa kabisa protini ya ng'ombe asijaribiwe kwa A2 hata mara moja.

Sasa nije kwa ng'ombe wetu, maana hapo ndipo nilipopata furaha. Wanaojua asili ya wanyama wasema A2 ndiyo ya zamani, na A1 ilitokea baadaye katika ng'ombe wa Ulaya. Ng'ombe wenye nundu, kama wale wa kienyeji tunaowaona tambarare ya Makanya na Hedaru, karibu wote ni A2. Kadhalika Sahiwal na Red Sindhi, waliotoka upande wa India na Pakistani. Damu yao ilitumika sana kumtengeneza ng'ombe wa Mpwapwa, pamoja na damu ya Boran, ya ng'ombe wetu wa kienyeji na kidogo ya Ayrshire. Wataalamu wa Mpwapwa waliianza kazi hiyo kabla neno A2 halijatamkwa. Walitaka ng'ombe atakayetoa maziwa hata wakati wa ukame. A1 imetujia hasa kwa Friesian na Ayrshire. Jersey wanayo pungufu, na Guernsey ni wachache walio nayo.

Kila ng'ombe ana jeni mbili za beta-kasini, moja ya mama na moja ya baba. Hakuna inayoifunika nyingine. Mwenye A1 na A2 hutoa protini zote mbili katika ndoo moja. Basi nilimwuliza babu habari za ukoo wa ng'ombe wetu. Akasema bibi wa ukoo huo alikuwa mtamba wa nundu aliyemnunua Makanya, akapandishwa kwa mbegu ya Friesian, akamzaa huyu tulie naye. Nikachukua maharage jikoni: meupe yawe A2, mekundu yawe A1. Mama wa nundu ana meupe mawili, kwa hiyo lazima alimpa mwanawe jeupe moja. Kwa upande wa Friesian hatujui; tukikadiria kwamba nusu ya jeni za Friesian ni A1, basi ng'ombe wetu huenda ana meupe mawili, au huenda ana jeupe na jekundu, nusu kwa nusu. Mekundu mawili hawezi kuwa nayo, labda babu amesahau.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na ndama wake?" Swali zuri kuliko langu. Akipandishwa na dume mwenye A2 mbili, ndama hupata jeupe moja kwa baba bila shaka. Kwa mama, kama ana meupe mawili hupata jeupe. Kama ana moja moja, hupata jeupe mara moja katika mbili. Ukihesabu pamoja, katika ndama wanne wa namna hiyo watatu watakuwa A2 tupu. Hayo yote tuliyapata bila kung'oa unywele, kwa sababu babu alikumbuka ukoo. Mwenye ng'ombe aliyenunuliwa mnadani bila habari zake hana njia ila maabara.

Kwa mwenye ng'ombe wa A1 mbili safari ni ndefu. Ndama wake wa kwanza kwa dume wa A2 atakuwa wa moja moja, hapana budi. Mimba ni miezi tisa. Mtamba huyo naye atazaa akiwa na miaka mitatu hivi. Na mjukuu, ambaye nusu tu ya bahati ni kuwa A2 tupu, atakaa miaka mitatu mingine kabla ya kukamuliwa. Yapata miaka saba, tena ikiwa wote wawili wamezaliwa majike! Na baada ya hayo maziwa yatamiminwa katika kopo moja na ya jirani, yauzwe kwa bei ile ile, maana kwetu hakuna aliyekuja kununua A2 mbali.

Kwa hiyo walimu waliniambia, nami nakubaliana nao, kwamba anayechagua mbegu atazame kwanza maziwa ya binti za dume, viwele vyao, miguu yao, na kama wanazaa bila shida. Madume wawili wakilingana katika hayo, na kadi ya mmoja ikiandikwa A2A2, amchukue huyo, hapotezi kitu. Asikubali binti apandishwe na baba yake, jambo linalotokea sana panapo dume mmoja wa kijiji na hapana daftari. Na ndigana kali, inayoletwa na kupe, huua ndama bila kuuliza A1 wala A2. Tena maziwa yasiyochemshwa yaweza kumpa mtoto homa ya brusela au kifua kikuu cha ng'ombe. Kama mnunuzi yule angetaka kutisha watu kwa haki, hayo yalikuwapo.

Chotara wetu hutoa lita saba au nane kwa siku akishiba. Yule wa nundu, asema babu, hakupita mbili baada ya ndama kunyonya. Mama alipiga hesabu hiyo mwenyewe kwa vidole.

Mwishoni mwa likizo ng'ombe alilia usiku kucha, na asubuhi akaonyesha dalili zote za joto. Tukampigia simu mhimilishaji, akafika jioni kwa pikipiki, na chombo chake cha nitrojeni ya baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri kimefungwa nyuma. Nilimwuliza kama ana dume wa A2A2. Alicheka, akasema mimi ni wa kwanza kumwuliza. Mirija aliyobeba siku hiyo haikuandikwa hivyo. Alikuwa na Friesian na Jersey. Mama alichagua Jersey, kwa kuwa ndama wake ni mdogo na njia ya kuzaa huwa rahisi, nami nikaafiki kwa sababu yangu ya maharage. Jina la dume na tarehe nimeviandika katika daftari lililotundikwa mlangoni mwa banda. Akijaliwa atazaa mwezi wa Aprili.