Mashine ya Mwigo na Mashine Halisi

Ninyi mliokuwapo katika chumba cha sayansi Jumamosi ile mnaikumbuka aibu iliyonipata. Wanafunzi wa zamani walikuwa wamechanga fedha, zikanunuliwa kompyuta ndogo kumi na mbili kwa ajili ya klabu ya hesabu, nami nikaahidi kuleta kompaila niliyoitengeneza mwenyewe ili vijana waitumie kuandikia programu zao. Nilisimama mbele yenu, nikasema kwa sauti kubwa kwamba kazi ya miezi saba imekwisha, na kwamba yote imejaribiwa. Programu ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili ikakwama. Kioo kikaonyesha mstari mmoja wa kosa, kisha kimya.

Mwalimu wangu wa zamani wa hesabu aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, uliijaribu kweli?" Nikajibu, "Ndiyo, Mwalimu, niliijaribu." Jibu lile lilikuwa kweli, tena halikuwa kweli. Baadaye nikasikia kwamba wako wanaosema mashine zilizonunuliwa ni mbovu na fedha za watu zimepotea. Kwa hiyo nimemwomba mhariri nafasi hii nieleze jinsi mambo yalivyokuwa. Mashine hazikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu, nalo lina mafunzo ndani yake.

Kwanza niseme kompaila ni kitu gani. Kompyuta haijui Kiswahili wala Kiingereza, wala haijui lugha ya C mnayojifunza katika klabu. Inajua maagizo yake tu, nayo ni namba tupu: jumlisha hii na ile, chukua kilichowekwa mahali fulani katika kumbukumbu, ruka uende kwenye agizo fulani. Kompaila ni programu inayosoma maandishi ya mtu na kuyageuza yawe maagizo ya namna hiyo. Ni mkalimani kati ya mtu na mashine.

Lakini mashine zote hazina lugha moja. Prosesa za Intel na AMD, zilizomo katika kompyuta nyingi za mezani, zina lugha yao. Prosesa za ARM, zilizomo katika karibu simu zote tunazobeba, zina lugha nyingine. Hapa kwetu Uganda jambo hili si geni. Mkalimani aliyezoea kutafsiri hotuba kwa Luganda akipelekwa Gulu, haimsaidii kubadili maneno mawili matatu. Hotuba ni ile ile, lakini Kiacholi kina mpango wake mwenyewe wa maneno, naye sharti ajifunze upya. Kazi yangu ilikuwa ya namna hiyo. Kompaila yangu ilijua lugha ya Intel, nami nilitaka kuifundisha lugha ya ARM ya biti 64, ambayo ndiyo lugha ya kompyuta zenu za Raspberry Pi 3. Kompyuta hizo zilibuniwa Uingereza, zikaanza kuuzwa mwaka 2016. Umbo lake ni karibu sawa na kadi ya benki, na kumbukumbu yake ni gigabaiti 1.

Sasa, mimi sikuwa na Raspberry Pi nyumbani. Nilikuwa na kompyuta ya mapajani ya prosesa ya Intel, basi. Nikafanya kama wafanyavyo wengi: nikatumia emuleta, yaani programu inayojifanya kuwa mashine nyingine. Mimi huiita mashine ya mwigo. Niliyoitumia ni QEMU, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard na kutolewa kwa watu mwaka 2003. Hiyo huchukua maagizo ya ARM fungu kwa fungu, huyageuza yawe maagizo ya Intel, huyatenda, na huweka mafungu iliyokwisha kuyageuza ili isirudie kazi. Programu iliyo ndani yake hudhani kwamba imo katika ARM halisi.

Msije mkadhani kwamba naidharau mashine ya mwigo. Faida zake ni kubwa. Haigharimu fedha. Unaweza kuisimamisha kwenye agizo lolote, ukatazama kila rejista ina nini, ukaendelea hatua moja, ukasimama tena. Programu ikiharibika ndani yake, unaifuta na kuanza upya, hakuna kilichoungua. Kila usiku kabla ya kulala niliiachia majaribio mamia, na asubuhi nilikuta orodha ya yaliyopita na yaliyoanguka.

Tena njia hii ina heshima yake katika historia. Mwaka 1975 vijana wawili wa Marekani, Paul Allen na Bill Gates, walitaka kuandika mfasiri wa lugha ya BASIC kwa kompyuta mpya iliyoitwa Altair, yenye prosesa ya Intel 8080. Hawakuwa na Altair. Allen alisoma kitabu cha prosesa hiyo, akaandika mashine ya mwigo ndani ya kompyuta kubwa ya PDP-10 iliyokuwa katika chuo kikuu cha Harvard, na humo ndimo mfasiri wao alimojaribiwa. Kisha Allen akapanda ndege kwenda Albuquerque akiwa na utepe wa karatasi wenye programu yao. Akiwa angani alikumbuka kwamba hawakuandika ile programu fupi ya kuingiza utepe katika mashine, akaiandika humo humo ndani ya ndege. Alipofika, mfasiri wao aligusa Altair halisi kwa mara ya kwanza, akaenda. Aliulizwa mbili na mbili ni ngapi, akajibu nne.

Kisa hiki hupendwa sana, lakini tukitazame vizuri. Aliyeandika mashine ya mwigo aliisoma prosesa kitabuni tu. Kama angalielewa vibaya ukurasa mmoja, mwigo ungalikosea na mfasiri angalikosea, wote wawili wangalipatana katika kosa hilo hilo, na majaribio yote yangalipita. Ni kama mwanafunzi anayesahihisha mtihani wake kwa majibu aliyoyaandika mwenyewe. Nani angalijua, mpaka Albuquerque?

Basi nieleze nilijaribu nini. Nilianza na programu ndogo sana: kujumlisha, kutoa, kugawanya namba zilizo chini ya sifuri, maana hapo makompaila mengi hujikwaa. Nikaendelea na kuita fomula zenye vitu vingi vya kupewa. Katika ARM ya biti 64, vitu vinane vya kwanza vilivyo namba kamili hupelekwa katika rejista. Cha tisa na kuendelea huwekwa katika kumbukumbu. Kwa hiyo anayejaribu vitu vinne tu hajajaribu kitu. Sharti avuke nane.

Mwisho nikafanya jaribio lililo kubwa kuliko yote. Kompaila yangu imeandikwa kwa lugha ya C, basi inaweza kujitafsiri yenyewe. Kompaila ya zamani iliitafsiri ile mpya. Hiyo ni ya kwanza. Ya kwanza ikajitafsiri, ikatoa ya pili. Ya pili ikajitafsiri, ikatoa ya tatu. Ya pili na ya tatu sharti zifanane baiti kwa baiti. Zikitofautiana hata kwa baiti moja, kuna kosa limejificha. Zangu zilifanana kabisa. Usiku ule nililala kwa furaha, na asubuhi nikaandika barua shuleni kwamba niko tayari.

Kumbe sikuwa tayari. Baada ya Jumamosi ile Mwalimu aliniazima moja ya zile kompyuta kumi na mbili, nikaenda nayo nyumbani. Siku ya tatu nikapata kosa.

Fikirini rundo la sahani katika bwalo. Fomula ikianza kazi hutenga nafasi yake katika rundo la kumbukumbu, na ikimaliza huirudisha. Katika Intel nilikuwa nimezoea kutenga baiti 8 kwa kila kitu: vitu viwili baiti 16, vitatu baiti 24. Lakini ARM ya biti 64 ina sheria yake: ukipita kwenye kielekezi cha rundo ili kugusa kumbukumbu, anwani iliyomo humo sharti igawanyike kwa 16. Mashine halisi hukagua jambo hilo kila mara, na ikikuta limevunjwa husimamisha programu. Programu yangu ya kwanza siku ile ilikuwa na vitu viwili, ikapita. Ya pili ilikuwa na vitatu; 24 haigawanyiki kwa 16, ikakwama.

Je, mbona mashine ya mwigo haikusema? Kwa sababu haikukagua. Ukaguzi wa kila mgusano wa rundo ungaliipunguzia mwendo, kwa hiyo walioitengeneza waliuacha kwa makusudi. Si udanganyifu, ni mapatano. Programu iliyo sahihi haitaona tofauti. Programu yenye kosa ndiyo husamehewa, na mwenyewe hajui kama amesamehewa.

Nikasahihisha, nikatenga nafasi kwa makumi na sita, na majaribio yote yakapita katika mashine halisi. Safari hii sikuandika barua. Niliendelea kujaribu wiki mbili zaidi, na katika wiki ya pili nikakutana na kosa la ajabu kuliko lile la kwanza.

Kompaila yangu inaweza kuandika maagizo moja kwa moja katika kumbukumbu na kuyatenda papo hapo, bila kuyahifadhi katika faili. Niliandika programu ya kuzidisha kwa 7, ikatoa majibu sawa. Nikabadili 7 iwe 8, nikaitenda tena. Mara nyingi ilitoa majibu ya 8. Lakini mara moja moja ilitoa tena majibu ya 7! Nilitazama kumbukumbu: maagizo yaliyoandikwa humo yalikuwa ya 8. Mashine ilikuwa inatenda maagizo yasiyokuwapo tena.

Sababu yake nitaieleza kwa mfano wa shule. Ratiba ya siku imebandikwa ofisini. Mpiga kengele hapendi kukimbilia ofisini kila kipindi, basi ameinakili katika daftari lake. Mwalimu wa taaluma naye ana daftari, huandika mabadiliko humo kwanza, na kuyahamishia kwenye ratiba anapopata nafasi. Asubuhi moja mwalimu anabadili kipindi. Kengele italia kwa ratiba ipi? Ile ya zamani, mpaka mambo mawili yafanyike kwa utaratibu: mwalimu ahamishie badiliko lake ofisini, kisha mpiga kengele aambiwe afute nakala yake na kunakili upya.

Prosesa ya ARM ina madaftari hayo mawili. Ni akiba ndogo za kumbukumbu zenye mwendo wa kasi, moja ya data na moja ya maagizo, na hazipashani habari zenyewe. Mwenye kuandika maagizo mapya ndiye apaswaye kutoa amri: peleka data mahali panapoonekana na wote, futa nakala ya maagizo ya zamani, ngoja mpaka yote mawili yamekwisha. Katika Intel mashine yenyewe hufanya kazi hiyo kimya kimya, kwa hiyo sikuwahi kuifikiria. Na QEMU haiigi akiba hizo kabisa. Zaidi ya hayo, ikiona kumbukumbu yenye maagizo iliyokwisha kuyageuza imeandikwa upya, hutupa tafsiri ya zamani na kutafsiri tena. Ndani ya mwigo kengele hailii vibaya hata siku moja. Ningaliweza kujaribu humo miaka kumi nisilione kosa hilo.

Niliongeza amri hizo, nikarudia jaribio la 7 na 8 mara elfu kumi katika mashine halisi. Halikukosea hata mara moja.

Sasa nifanyeje, niache mashine ya mwigo? La. Kosa la rundo niliona matokeo yake katika mashine halisi, lakini nililielewa ndani ya mwigo, kwa kwenda hatua kwa hatua na kutazama kielekezi kikishuka baiti 24. Mashine halisi hukwambia kwamba umekosa. Mara nyingi haikwambii wapi. Mwigo hukuonyesha wapi. Mara nyingine haukwambii kwamba umekosa. Anayetaka kujua kazi yake imesimama wapi sharti ahojiane na zote mbili.

Vijana wa klabu, kuanzia sasa kila badiliko la kompaila hii hupitia mwigo usiku, na kabla halijawafikia hutendwa katika Raspberry Pi halisi. Katika daftari la majaribio naandika ni mashine ipi iliyotumika. Neno "imejaribiwa" peke yake sitaliandika tena. Nitaandika imejaribiwa wapi. Na mwenzenu yeyote atakayekuta kosa aniletee programu yenyewe pamoja na namba ya mashine, bila kuogopa kuniudhi.

Wanafunzi wa zamani wenzangu, fedha zenu hazikupotea. Kompyuta zote kumi na mbili zinafanya kazi, na siku ile moja yao ndiyo iliyosema kweli kunishinda mimi. Nawe Mwalimu, ulipouliza kama niliijaribu kweli, jibu langu lilipaswa kuwa hili: niliijaribu, lakini si katika hii.

Ni mimi, mwanafunzi wenu wa zamani.