Pokémon: juu ya nini Sacha aliachia wengine nafasi

Kwa miaka mingi wapenzi wa katuni ya Pokémon walijiuliza: Sacha atabadilishwa lini? Kijana huyo, Wajapani wanamuita Satoshi, alianza kuonekana kwenye televizio ya Japani tarehe 1 Aprili 1997, akiwa na miaka 10. Watoto waliomuangalia wakakomaa, wakazaa, yeye akabaki na 10 yake.

Uvumi huo ulikuwa na msingi. Katuni inafuata michezo ya video, na kizazi kipya cha michezo kinaleta shujaa mupya na eneo jipya. Basi kila mara watu walisema: safari hii anaondoka kweli. Na kila mara Sacha akarudi, Pikachu kwenye bega.

Kilichomushikilia ni ndoto yake ya kuwa bingwa, maana mashindano makubwa mengi alishindwa. Novemba 2022 akawa bingwa wa dunia. Atafute nini tena? Desemba wakatangaza mwisho wa safari yake.

Tangu Aprili 2023 mashujaa ni musichana Liko na mvulana Roy. Pikachu yuko, lakini ni mwingine, anavaa kofia ya kapiteni.