NGALAWA AU MASHUA: UKIPEWA FEDHA UTANUNUA IPI?

Mimi ni mzaliwa wa pwani ya kusini, na kuna jambo moja linaloniudhi kila tusomapo insha darasani. Wenzangu huita kila chombo chenye tanga mashua. Ati ngalawa ni mashua, dau ni mashua, hata jahazi la kupakia boriti ni mashua! La hasha. Tofauti yake si ya majina tu. Ni ya riziki, na karo za wengi wetu tunaotoka ufuoni zimo humo humo.

Tuanze na umbo. Ngalawa huchongwa kwa gogo moja, mara nyingi la mwembe. Kwa vile gogo ni jembamba, lingepinduka hata ukipiga chafya. Ndiyo sababu hukingamishwa miti miwili, na kila upande ukafungwa ubao unaolala majini. Hiyo ndiyo mirengu. Wataalamu wengi wa historia wanasema ujuzi huu ulitujia na mabaharia wa visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki, wale wale ambao jamaa zao walihamia Bukini. Mashua nayo ni ya mbao: chini mkuku, juu yake mataruma kama mbavu za samaki, kisha mbao zinapigiliwa misumari. Mianya huzibwa kwa pamba iliyotiwa mafuta, yaani kukalafati. Tanga lao linafanana, la pembe tatu, limefungwa kwenye foromali.

Sasa safari. Ngalawa ni nyepesi na haizami sana majini, kwa hivyo hupita juu ya mwamba mahali ambapo mashua ingekwaruzika. Watu wawili watatu huivuta mchangani wakaenda zao kula. Mashua hungoja maji yajae, na ikikosea saa italala ubavu kwenye matope mpaka bamvua limhurumie nahodha! Lakini ngoja upepo uje wa mbele. Ngalawa haina mkuku wa maana, basi husukumwa upande, na safari ya saa moja ikawa ya asubuhi nzima. Mashua hushika maji. Tena kusi likivuma, kati ya Aprili na Septemba, bahari ya nje ya mwamba si mchezo. Mwenye ngalawa hubaki ndani ya mwamba na mishipi na madema yake, au akae barazani. Mashua nzuri yenye nahodha mzuri hutoka siku nyingi zaidi, ingawa si zote. Siku hizi nyingi zimefungwa mashine, lakini hapa mimi nasema habari za tanga.

Kwa mashindano, hebu tuondoke kwetu twende mpaka Lamu, kwani huko ndiko wanakojua kushindana. Katika Tamasha la Utamaduni la Lamu kuna mbio za vyombo vya tanga, na utaona maajabu. Mashua hupakiwa viroba vya mchanga, na kila ikigeuka viroba hivyo hurushwa upande unaotoka upepo ili isipinduke. Aidha, hutolewa ubao mrefu nje ya chombo, na baharia mmoja au wawili wakakaa mwisho wake, maji yakiwapiga mgongoni. Mwingine anafua maji bila kupumzika. Kugeuka nako ni kazi ya watu wengi, maana foromali sharti ihamishwe upande wa pili wa mlingoti. Anayechelewa hapo ameachwa. Katika ngalawa ubao huo tayari umo, yaani mrengu wenyewe. Mtu hupanda tu juu yake. Upepo ukiwa wa kiasi ngalawa huruka kama panzi, na ningeiwekea dau (si dau la majini!). Upepo ukizidi, mrengu wa upande wa pili huzama, hukokota maji na hata kuvunjika.

Je, kuishi ndani? Ngalawani hapana, labda uwe paka. Wavuvi wake wakienda mbali hupiga dago, yaani kambi ya ufuoni, wakalala na kukausha samaki huko. Katika mashua wanaweza kulala humo humo siku kadhaa. Hutandika tanga kama hema, na hupika kwa mafiga ndani ya sanduku la mchanga ili mbao zisiungue. Raha haipo, lakini ugali unaiva.

Sasa nije kwenye fedha, kwa sababu mjomba wangu yumo katika hesabu hii hasa. Gogo la ngalawa yake limeoza. Akiba yake yatosha ngalawa mpya, au nusu ya mashua iliyotumika akishirikiana na jirani. Babu anasema achukue ngalawa, kwani samaki wake hagawi na mtu isipokuwa kijana mmoja. Katika mashua, mavuno hukatwa sehemu ya chombo kwanza, kisha ya wavu, kisha kila baharia yake. Mimi sikubaliani na Babu, japo kwa heshima zote. Mjomba akiwa na nusu ya chombo, hupata nusu ya sehemu ya chombo hata siku anapougua, naye juzi juzi alilala wiki tatu na malaria, ngalawa ikilala pia. Isitoshe, kusi ndio msimu wenye muhula wa pili ndani yake, na hapo ndipo ngalawa hukaa mchangani. Babu naye ana jibu lake: jirani huyo akiitaka mashua aipeleke Vanga, na mjomba aitaka kuipeleka Shimoni, nani atashika usukani?