Hesabu ya Vumbi Linalopita

Lori linalotafuta riziki kati ya Kitengela na Kajiado halikai sana kwenye lami. Barabara kuu ya Namanga ni nzuri, lakini kazi yenyewe iko kando yake: kokoto na mchanga wa ujenzi, mawe ya machimboni, maji yanayopelekwa kwa boza hadi ploti za Korompoi, ng'ombe wa mnada wa Ilbissil, malighafi ya viwanda vya saruji vya Athi River. Kilomita za mwisho za kila safari ni za vumbi, na vumbi la huku si la aina moja. Nyanda za Kitengela zina udongo mweusi wa mfinyanzi uliolalia mawe ya volkano. Ukipita Isinya kuelekea mji wa Kajiado na Ilbissil, unaingia kwenye miamba ya kale yenye marumaru na kwatzi, yale madini meupe ya mchanga ambayo ni magumu kuliko chuma cha silinda. Chembe ya namna hiyo ikiingia ndani ya injini haiyeyuki wala haiungui. Inasaga. Ndiyo maana swali la filta gani ya hewa ifungwe, kavu ya karatasi au ile iliyolowekwa mafuta, lina uzito zaidi hapa kuliko kwa lori linalopita Mombasa Road tu. Kwa maoni yangu jibu ni karatasi kavu, kwa sharti moja ambalo wenye malori wengi hulivunja bila kujua.

Tuelewane kwanza kuhusu vitu vyenyewe, maana gereji huita vyote "ea klina" na mambo yakachanganyika. Filta kavu ni karatasi maalumu iliyokunjwa mikunjo mingi ndani ya pipa. Kwenye malori mengi ya leo huwa ni mbili, kubwa ya nje na ndogo ya ndani. Filta ya mafuta ina sura mbili. Ya zamani ni bakuli lenye oili chini na nyavu za waya juu: hewa inashuka kwa kasi, inageuka ghafla juu ya oili, vumbi zito linabaki humo, na lililosalia linanaswa na nyavu zilizolowa. Trekta za Massey Ferguson za enzi zile na Land Rover za zamani zilikuja nayo. Ya kisasa ni pamba iliyobanwa kati ya nyavu na kupakwa mafuta membamba, inayooshwa na kutumika tena. Kampuni ya K&N iliyoanzishwa California mwaka 1969 ndiyo iliyoifanya ijulikane duniani. Hii ya pamba ndiyo inayoshindana na karatasi kwa mwenye pikapu au lori la leo, na ndiyo nitakayoijadili zaidi.

Lita moja ya dizeli ikiungua inahitaji zaidi ya lita 10,000 za hewa, na injini ya dizeli kwa kawaida huvuta kupita kiasi hicho. Tipa inayomaliza lita 60 kwa siku basi imevuta lita 600,000 za hewa, kwa uchache, na hewa hiyo imetoka kwenye wingu la lori lililotangulia. Sasa tazama matangazo. Filta moja inajisifu kunasa asilimia 97 ya vumbi, nyingine asilimia 99.9. Kwa macho ya haraka tofauti ni ndogo, kama alama mbili tatu za mtihani. Lakini injini haidhuriwi na kilichonaswa, inadhuriwa na kilichopita. Tuchukue, kwa mfano tu, kwamba katika miezi ya kiangazi filta imekutana na gramu 500 za vumbi. Ile ya asilimia 99.9 imepitisha nusu gramu. Ile ya 97 imepitisha gramu 15, yaani mara thelathini. Na kinachopita ni zile chembe ndogo ambazo jicho halizioni, za maikroni 5 hadi 20, ilhali unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi. Utando wa oili kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda ni mwembamba kiasi kwamba chembe za ukubwa huo hugusa pande zote mbili kwa pamoja, na hapo ndipo chuma kinapolika.

Upimaji wa filta una kanuni ya kimataifa, ISO 5011, ambapo vumbi la kiwango maalumu hupulizwa kwenye filta hadi izibe kufikia kikomo, kisha hupimwa lililonaswa na lililopenya. Miaka ya mwanzo ya 2000 wapenzi wa pikapu za dizeli za Duramax huko Marekani walipata filta kadhaa za gari lao zikapimwa hivyo kwenye maabara. Ile ya karatasi ya ACDelco, iliyotoka na gari, ilinasa asilimia 99.93. Ya pamba na mafuta ya K&N ilinasa asilimia 96.8. Kwa gramu, karatasi ilipokea vumbi la gramu 574 ikapitisha 0.4, na pamba ikapokea 221 ikapitisha 7. Kinachoshangaza zaidi ni muda. Karatasi ilikaa saa nzima kabla ya kuziba, pamba dakika 24 tu. Mtu anaweza kusema hilo ni jaribio moja la gari moja, na atakuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini watengenezaji wa filta za pamba wenyewe hutangaza kiwango cha asilimia 96 hadi 99, kwa hiyo matokeo yale hayakuwasingizia.

Hoja ya kwanza ya upande wa pili ni nguvu: pamba inapumua, lori linapanda mlima vizuri zaidi. Kwa injini ya petroli ya mashindano hoja hiyo ina uzito wake. Kwa dizeli yenye tabo haina. Dizeli kwa kawaida inaongozwa kwa kiasi cha mafuta yanayopulizwa ndani ya silinda, na tabo inasukuma hewa ya ziada kila mara. Filta safi ya karatasi yenye ukubwa uliopangwa na kiwanda haimnyimi dereva chochote atakachokihisi akiwa amebeba tani kumi za kokoto. Akihisi lori limezidi kuwa zito, basi karatasi imeziba, na dawa yake ni kuibadilisha. Wapo pia wanaotaja magari ya Safari Rally kama ushahidi wa pamba. Injini ya rali inafunguliwa na kukaguliwa mara kwa mara na timu ya mafundi, na haitarajiwi kumaliza kilomita laki tano. Lori la mkopo linatarajiwa hivyo, tena bila kufunguliwa.

Hoja ya pili ni pesa, nayo naiheshimu zaidi. Filta ya karatasi hutupwa, ya pamba huoshwa miaka na miaka. Mwenye lori moja anayelipa benki kila mwezi ana sababu ya kuchukia kitu cha kutupwa. Ila hesabu yake ikamilike. Filta nzuri ya lori la kati inagharimu shilingi elfu kadhaa; kufungua injini, kubadilisha pistoni, ringi na laina, pamoja na siku ambazo lori limelala gereji, ni laki kadhaa. Tena kuosha pamba si kuimwagia maji tu. Inahitaji sabuni yake, ikauke yenyewe kivulini bila kupulizwa, ipakwe mafuta yake maalumu kwa kipimo, kisha iachwe yaenee. Mafuta yakipungua, vumbi linapenya. Yakizidi, yanaweza kuvutwa hadi kwenye sensa ya kupima hewa, na injini za kisasa zenye sensa hiyo huanza kupimiwa vibaya. Kazi hii inataka siku ya mapumziko na mahali pasipo na vumbi, na tipa ya Kitengela haina hata kimoja kati ya hivyo viwili wakati wa kiangazi. Fundi akikosa mafuta yale akapaka oili ya injini, filta si ile tena iliyopimwa maabara.

Na sasa lile sharti. Karatasi inaposhinda maabarani, inashinda ikiwa haijaguswa. Barabarani desturi ni nyingine: kila jioni taniboi anaitoa, anaigonga kwenye tairi, kisha anaipeleka kwa mtu wa pancha aipulize na kompresa. Kompresa ya kujaza tairi za lori hufika pauni 100 na zaidi kwa inchi ya mraba. Hata wanaoruhusu kupuliza husema isizidi pauni 30 au karibu na hapo, na upepo utoke ndani kwenda nje. Presha ya pancha hupasua nyuzi za karatasi na kuacha matundu yasiyoonekana hadi uangaze taa kwa ndani. Zaidi ya hayo, filta ya karatasi huwa bora kadiri inavyotumika, kwa sababu tabaka la kwanza la vumbi linaziba vinjia vikubwa na kuanza kuchuja lenyewe. Vumbi jingi hupenya saa za mwanzo, filta ikiwa mpya. Kuipuliza kila jioni ni kuirudisha kila asubuhi kwenye saa zake mbaya zaidi, ukiacha vumbi linalodondokea upande wa ndani kila pipa linapofunguliwa. Ikifanyiwa hivyo, faida yake juu ya pamba inapotea, na wanaosema "karatasi haifai huku" wanakuwa wameona madhara ya kweli ila wamemshtaki asiyehusika.

Ijulikane vipi basi kwamba imeziba? Malori mengi yana geji ndogo au taa ya onyo inayopima mvuto wa hewa baada ya filta, na kwa injini nyingi kubwa za dizeli kikomo ni inchi 25 za maji. Geji ikifika hapo, filta ya nje inabadilishwa. Ile ya ndani haipulizwi kamwe. Ipo kuilinda injini siku ya nje ikipasuka, na ikionekana na vumbi, basi ya nje tayari imeshindwa. Kuna pia kile kipira chenye mdomo chini ya pipa, ambacho hutapika vumbi zito lenyewe. Mafundi wengine hukiziba au hukitupa kwa kudhani ni uchafu. Kikikosekana, hewa chafu inaingia kutoka chini, mahali penye vumbi zaidi ya pote. Kwa lori la machimboni ningeongeza kichujio cha awali cha kuzungusha hewa, kinachotoa chembe kubwa kabla hazijafika kwenye karatasi. Hicho kinarefusha maisha ya karatasi bila kugusa ubora wake.

Linabaki lile bakuli la oili la wazee, ambalo wengi hulitaja kama ushahidi kwamba mafuta yalitosha. Yalitosha kwa injini za polepole zisizo na tabo, na kwa sehemu ambako karatasi mpya ilikuwa mbali ya siku mbili. Udhaifu wake ni kwamba linategemea kasi ya hewa: injini ikiachwa ikinguruma polepole, vumbi halirushwi kwa nguvu ya kutosha kunaswa. Pia linataka oili ibaki kwenye mstari, na gari lisimame sawa. Mwenye trekta kuukuu kule Mashuuru anayelima wakati wa mvua na kumwaga oili chafu kila inapogeuka tope hana sababu ya kuling'oa. Mwenye lori jipya hana sababu ya kulitamani.

Karatasi yenyewe nayo inaigizwa. Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa ghushi tangu 2008 na mamlaka ya kuisimamia, lakini filta bandia bado inauzwa kwenye boksi zuri. Mikunjo yake ni michache na mipana, gundi imeachia pembeni, na mpira wa kuziba ni mgumu kiasi kwamba haukai sawa kwenye pipa. Ukinunua, ibonyeze mpira huo kwa kidole kabla ya kulipa. Kisha kagua mpira wa hewa kutoka kwenye pipa hadi kwenye tabo pamoja na klipu zake, kwa kuwa ufa mdogo hapo unavuta vumbi ambalo halipiti kwenye filta yoyote, ya karatasi wala ya pamba.