Kifua Kikuu: Miezi Sita ya Nini? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulimwacha mgonjwa amekohoa wiki mbili na ushei, amemaliza amoksilini ya dukani na hana nafuu. Leo tumfuate maabara.

Atapewa kikopo chenye kifuniko aletee makohozi ya asubuhi. Makohozi, si mate! Wengi huona haya kukohoa kwa nguvu, hutema mate tu, kisha huambiwa hawana ugonjwa na kurudi nyumbani kuwaambukiza watoto.

Bakteria wa kifua kikuu, ambaye Robert Koch alimtangaza mjini Berlin Machi 24, 1882, amejizungushia ukuta wenye mafuta mazito ya jamii ya nta. Ukuta huohuo humkinga na pia humfichua. Makohozi hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi nyekundu na kupashwa moto, kisha huoshwa kwa asidi. Bakteria wengi huachia rangi. Huyu huing'ang'ania, na kwenye hadubini huonekana kama vijiti vyekundu. Tatizo ni kwamba hadubini huhitaji maelfu ya vimelea katika kila mililita. Mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, husaka vinasaba vyake, hunasa hata vimelea vichache, na kwa muda wa saa mbili hivi hueleza pia kama dawa ya rifampisini itamweza. Morogoro, panya buku hufundishwa kunusa makohozi. Msomaji asicheke: wamewaibua wagonjwa wengi waliopitwa na hadubini.

Tuje kwenye dawa. Bakteria wa kifua kikuu hujigawa mara moja kwa saa 20 hivi, ilhali wapo bakteria wa tumboni wanaojigawa kila dakika 20. Dawa nyingi huua kimelea kinachokua, na hiki muda mwingi kimelala. Kwa hiyo miezi miwili ya mwanzo mgonjwa hupewa dawa nne kwa pamoja: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Miezi minne inayofuata hubaki na rifampisini na isoniazidi, kuwasubiri waliolala waamke. Kutumia dawa moja pekee ni kufuga usugu. Waingereza waliliona hilo miaka ya 1940 walipotegemea streptomisini peke yake.

Anayelalamika kwamba miezi sita ni mingi ajue kuwa zamani huku kwetu tiba ilichukua miezi 18. Utafiti ulioanza 1970 katika nchi za Afrika Mashariki na Zambia, kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, ndio uliothibitisha kwamba miezi sita yatosha dawa zikichanganywa vizuri, hasa rifampisini ikiwamo. Wagonjwa wetu ndio walioufupishia ulimwengu tiba hii, na sijui kwa nini shuleni hatufundishwi.

Hatari kubwa iko mwezi wa pili. Kikohozi kimekata, mwili umerudi, vidonge vinasahaulika kabatini. Vimelea vilivyosalia huibuka upya, pengine vikiwa sugu, na tiba yake ni ngumu zaidi; Tanzania ilianza kuitoa Hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, mwaka 2009.

Mkojo ukigeuka rangi ya chungwa, usiogope, ni rifampisini. Macho yakiwa manjano, rudi kliniki siku hiyohiyo. Dawa hutolewa bure, basi zimalize zote.